Kuhifadhi na kuzeesha siga Nairobi: hyumida yako kutoka Januari hadi Desemba

Siga halisi haina karatasi wala kichungi. Ni tumbaku tupu iliyoviringishwa kwa mkono: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la juu ambalo ndilo unaloliona. Majani hayo hunyonya unyevu wa hewani na kuuachia tena, usiku na mchana. Yakikauka, mafuta yanayobeba ladha na harufu hupotea, na hata ukija kuyarudishia unyevu, yale mafuta hayarudi. Yakizidiwa na unyevu, siga haivutiki, inazimikazimika, jani la juu linapasuka ikishika moto, au inaota kuvu kabla hujaigusa. Hyumida ni kasha linalozuia yote mawili.

Kabla ya lolote, mambo mawili. Moshi wa siga unadhuru hata usipouvuta hadi mapafuni. Saratani ya kinywa, ya koo na ya umio zinajulikana vizuri kwa wavutaji wa siga. Anayeanza leo kwa sababu ya urembo wa kasha ninamshauri asianze. Pili, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma isipokuwa sehemu zilizotengwa, na inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Nyumba yenye watoto inahitaji hyumida yenye kufuli, na ufunguo usikae juu yake.

Nairobi si Havana, wala si Mombasa

Maelezo mengi ya kutunza siga yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao nyumba zao hupashwa joto wakati wa baridi na kupozwa wakati wa kiangazi. Hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, nyumba nyingi hazina kipasha joto wala AC. Hali ya hewa ya nje ndiyo inayoingia sebuleni. Mtu wa Mombasa anapigana na joto na unyevu mwaka mzima, lakini angalau anajua anapigana na nini. Sisi tunapigana na mabadiliko. Januari na Februari jua ni kali na hewa ya mchana imekauka, joto la nje linafika nyuzi 27 hivi. Machi hadi Mei ni mvua za masika. Julai ni mawingu na baridi, asubuhi unaamka kwenye nyuzi 11 au 12. Oktoba hadi Desemba ni vuli. Hata ndani ya siku moja ya Februari, tofauti ya asubuhi na saa tisa alasiri inaweza kupita nyuzi 12.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu unyevu unaosomwa kwa asilimia unategemea joto. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Chukua hewa ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70, ipashe hadi nyuzi 26 bila kuiongezea tone la maji: sasa itasoma asilimia 43 hivi. Hewa hiyo ikiwa ndani ya kasha lenye siga, itaanza kuyanyonya majani ili kujazia. Kasha likiwa limeziba vizuri, jioni joto likishuka unyevu ule ule unarudi majanini. Kasha likivuja, unyevu umeshatoka nje, na kesho yake ni hivyo hivyo. Siga za Nairobi huharibika hivi, kidogo kidogo, bila mtu kuona kosa lolote siku yoyote.

Ndiyo maana kila nitakaloeleza hapa chini linalenga utulivu kuliko namba. Siga inayokaa kwenye asilimia 66 mwaka mzima iko salama kuliko ile inayopanda hadi 72, ikishuka hadi 60, kisha ikapanda tena.

Hatua ya kwanza: chagua kasha kulingana na siga ulizo nazo

Kama una siga chini ya 30, usinunue hyumida ya mbao. Nunua kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lile lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pande zote nne. Lioshe kwa sabuni isiyo na harufu, liache wazi siku kadhaa mpaka lisinuke plastiki, weka ndani vipande vya mbao vinavyotoka kwenye maboksi ya siga na pakiti ya kudhibiti unyevu. Halipendezi machoni, lakini linaziba kuliko hyumida nyingi za dukani, na katika mji wenye Februari kama yetu kuziba ndiko kunakookoa siga.

Hyumida ya mbao ina maana unapotaka kutunza siga 50 na zaidi, au unapotaka mbao zenyewe zichangie harufu. Ukiwa dukani, ikague hivi. Ifungue, uinue mfuniko kidogo kisha uuachie: nzuri hushuka taratibu sentimita ya mwisho kwa sababu hewa ya ndani inauzuia. Weka noti ya shilingi mia katikati ya mfuniko na ukingo, funga, uvute. Ikitoka bila kushikwa, pale panavuja. Rudia pande zote nne na kwenye kona, kwa sababu kona ndizo zinazodanganya. Ukifika nyumbani, washa tochi ya simu, ifungie ndani, uzime taa za chumba: mwanga unaopenya ni njia ya unyevu. Za mfuniko wa kioo na kipimo cha mshale mbele ninaziepuka. Kioo mara nyingi kimegandishwa kwa gundi isiyoziba sawasawa, na mwanga hauyafai majani.

Zipo pia za umeme, zenye kupoza kama friji ya mvinyo. Kwa Nairobi sizioni haja. Stima ikipotea saa sita usiku, sanduku linapanda joto na kushuka bila mpango, na baridi yetu ya kawaida inatosha.

Kama utatengenezewa na fundi, angalia mbao

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza pesa na siga kwa pamoja.

Hyumida huwekewa ndani mbao ya *Cedrela odorata*, ambayo wafanyabiashara huiita sida ya Kihispania. Si mwerezi wa kweli. Ni mti wa ukoo mmoja na mahogani, na asili yake ni Amerika ya Kati, Karibiani na Amerika Kusini. Unapendwa kwa sababu hunyonya na kuachia unyevu vizuri, hauozi haraka, na harufu yake nyepesi inakubaliana na tumbaku.

Sasa nenda Ngong Road kwa mafundi wa samani umwambie mmoja unataka kasha lenye sida ndani. Atakuelewa mara moja. "Hiyo iko, bosi. Sida safi ya Kenya, haiguswi na mchwa." Atavuta ubao mwekundu, aupitishe randa mara mbili, akupe maranda yake unuse. Harufu itakupiga puani: ni ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Huo ni mutarakwa, *Juniperus procera*, mti wa milima yetu ambao kweli ulitumika kutengeneza penseli na nguzo za ua. Fundi hajakudanganya, kwake hiyo ndiyo sida. Lakini mafuta yake ni makali mno. Yafungie na siga kwenye kasha, na baada ya miezi michache kila siga itakuwa na ladha ya penseli, na hakuna njia ya kuiondoa. Kafuri nayo, ile mbao ya masanduku ya nguo, ni vivyo hivyo.

Mwambie fundi hivi: nje atumie mbao yoyote ngumu iliyokauka vizuri, na vanishi iwe nje tu. Ndani kusiwe na vanishi, rangi, nta wala gundi inayonuka. Kama *Cedrela* haipatikani, mahogani tupu isiyopakwa kitu inafaa. Haina harufu ya kuvutia lakini inashika unyevu vizuri na haiharibu ladha. Mbao iwe imekauka hasa, la sivyo kasha litapinda msimu ukibadilika na mfuniko hautakaa tena. Ukingo wa ndani wa mfuniko uingie ndani ya kasha milimita kadhaa, usikae juu juu. Bawaba ziwe imara. Kisha likae wazi chumbani wiki mbili au tatu, mpaka ukilinusa upate harufu ya mbao peke yake.

Hatua ya pili: pima kipimo chako kwanza

Haigromita, yaani kipimo cha unyevu, ndiyo macho yako ndani ya kasha. Ya mshale inayokuja na hyumida ni pambo. Toa, nunua ndogo ya dijitali. Nayo usiiamini hadi uijaribu, na jaribio lake linahitaji chumvi ya jikoni tu.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi, dondoshea maji matone machache mpaka chumvi ilowe yote bila maji kuelea juu. Kiweke pamoja na haigromita kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu, au kopo dogo linaloziba, bila kugusana. Funga. Acha mahali pasipo na jua kwa saa 24. Chumvi iliyolowa hivyo huifanya hewa iliyofungiwa nayo itulie kwenye asilimia 75, kila mara. Haigromita ikisoma 75, ni nzima. Ikisoma 72, inapunguza 3, kwa hiyo utaongeza 3 kwenye kila usomaji. Andika tofauti hiyo kwenye kipande cha utepe na ukibandike mgongoni mwake. Ikiwa imepotoka zaidi ya 5, tafuta nyingine. Jaribio hili lirudiwe kila mwaka, betri ikibadilishwa.

Hatua ya tatu: iandae mbao

Hyumida mpya imekauka. Ukiweka siga ndani siku hiyo hiyo, mbao itazinyonya. Inatakiwa mbao inywe kwanza mpaka itosheke.

Njia ninayoipenda ni pakiti za asilimia 84 za kuandalia mbao. Ziweke ndani, funga, usifungue kwa siku 14. Kama hukuzipata, weka bakuli dogo la maji yaliyokenekwa (distilled) juu ya kipande cha plastiki ili lisiguse mbao, funga, na uongeze maji kila yanapopungua. Baada ya wiki moja au mbili utaona kipimo kimetulia. Ondoa bakuli, weka pakiti zako za kawaida, na usubiri siku mbili zaidi uone kama kipimo kinakaa palepale. Watu wengine hupangusa mbao kwa kitambaa chenye maji ili waharakishe. Mimi sishauri, kwa sababu mbao hulowa upande mmoja na inaweza kupinda au kupasuka.

Maji ya bomba hayafai, na ya kisima cha kuchimbwa ndiyo mabaya zaidi. Maji mengi ya visima vya Nairobi yana madini na floridi nyingi, na madini hayo huziba kifaa cha unyevu na kuacha ukoko mweupe. Maji ya chupa ya dukani nayo yana madini. Unachotaka ni yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya kuongezea betri ya gari. Soma lebo kwa makini: iwe imeandikwa kwamba ni maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini. Kando yake kwenye rafu ile ile huwa kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana.

Hatua ya nne: chanzo cha unyevu na namba ya kulenga

Sifongo na vile vijiti vya jeli vinavyokuja na hyumida hutoa unyevu tu. Havijui kuurudisha ukizidi. Mwezi wa Aprili hilo ni tatizo. Pakiti za pande mbili, kama za Boveda, hutoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi, na hazihitaji kujazwa maji. Kwa mji wenye misimu kama yetu sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Idadi: pakiti moja ya gramu 60 kwa kila siga 25 ambazo kasha lina nafasi ya kubeba, hata kama leo zimo kumi tu. Hyumida ya siga 50 inataka mbili, ya 100 inataka nne. Watu huweka moja kwenye kasha kubwa, inakauka kwa wiki tatu, kisha wanalaumu pakiti.

Asilimia: kwenye kopo la plastiki linaloziba, weka 65. Kwenye hyumida ya mbao, ambayo haikosi kuvuja kidogo, weka 69. Ikiwa yako inavuja kiasi na huna mpango wa kuibadilisha, 72 itafidia, na ndani utasoma 67 au 68. Usichanganye pakiti za asilimia mbili tofauti kwenye kasha moja, maana moja itakuwa inatoa na nyingine inanyonya mpaka zote zichoke. Pakiti ikiwa ngumu kama kokoto mwisho hadi mwisho, muda wake umekwisha.

Mahali ndani ya nyumba

Chini, ndani, gizani. Kabati la nguo lililo kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri, rafu ya chini, ndipo pazuri kuliko pote katika nyumba nyingi za Nairobi. Ukuta unaoangalia magharibi huchemka kuanzia saa nane. Ukiishi gorofa ya juu kabisa, au chini ya mabati bila dari, chumba kinaweza kupita nyuzi 28 Februari. Hapo weka kasha sakafuni na ulizungushie blanketi, au ulitie ndani ya lile kasha nene la kubebea vinywaji baridi. Juu ya friji hapafai, kwa sababu mgongo wa friji hutoa joto. Jikoni hapafai. Kabati lenye dawa ya nondo halifai kabisa.

Joto unalotaka ni nyuzi 16 hadi 21. Likifika 24 na kuendelea, hatari ya mdudu inaanza.

Hatua ya tano: pokea siga mpya kwa uangalifu

Mdudu huyo ni *Lasioderma serricorne*, mbawakawa mdogo wa kahawia wa milimita mbili au tatu. Mayai yake huweza kuwamo ndani ya jani tangu ghalani, na hayaonekani. Joto likipanda huanguliwa, na buu anatoboa siga moja hadi nyingine. Utaona matundu madogo ya mviringo na unga laini wa kahawia chini ya kasha. Kufikia hapo, amekwisha kula.

Siga zilizosafiri, zipitie friza kabla hazijaungana na nyingine, hasa kama hujui zilikaa wapi njiani. Zitie kwenye mifuko miwili ya zipu, moja ndani ya nyingine, hewa imetolewa. Saa 24 kwenye friji ya kawaida. Kisha siku tatu au nne kwenye friza yenye nyuzi hasi 18. Kisha zirudi friji saa 24. Kisha zikae mezani, bado kwenye mifuko, mpaka ziwe na joto la chumba. Ukifungua mapema, umande utashika jani la juu na litapasuka. Stima ikipotea saa nyingi katikati ya zile siku za friza, anza kuhesabu upya. Ni afadhali kuongeza siku mbili kuliko kuingiza buu mzima kwenye kasha.

Baada ya hapo zipumzike. Siga iliyovuka nchi kwa ndege imekauka jani la nje na bado ina unyevu katikati, kwa hiyo haiwaki sawasawa. Wiki mbili hadi nne ndani ya hyumida kabla ya kuigusa.

Anayeingia nazo mwenyewe kupitia uwanja wa ndege wa JKIA akumbuke kwamba msamaha wa ushuru kwa msafiri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni gramu 250 za tumbaku ya aina zote kwa pamoja, na ni kwa aliyetimiza miaka 18. Hizo ni siga kama 20 za ukubwa wa kawaida. Zinazozidi, zitangaze ulipie.

Kupanga ndani

Usijaze kasha zaidi ya robo tatu, hewa ipite. Karatasi ya selofani unaweza kuiacha. Inapitisha unyevu, ingawa polepole, na inalinda jani la juu lisichubuke, hasa yale majani membamba ya Kamerun. Siga zikiwa za aina moja, nazo unanuia kuzizeesha, ivue selofani ukipenda. Mirija ya alumini ifunguliwe vizibo. Siga zilizotiwa vanila, kahawa au ramu ziwe na kopo lao mbali. Zitaambukiza kila kitu. Kila miezi miwili au mitatu hamisha za juu ziende chini.

Mwaka unavyokwenda

Januari hadi katikati ya Machi ndiyo miezi ya kuangalia kila wiki. Pakiti huisha haraka, kwa hiyo uwe na za akiba kabla ya Krismasi. Usifungue kasha saa za alasiri. Fungua asubuhi, hewa ikiwa na unyevu zaidi.

Mvua za masika zikianza, watu hudhani ukavu umekwisha, sasa ni kusahau tu. Kumbe ndipo kuvu inapoingia, kwenye nyumba zenye kuta zinazolowa. Kama kipimo kinapita 72 kwa siku tatu mfululizo, fungua mfuniko nusu saa wakati hakunyeshi, na uangalie kama ulitumia pakiti zenye asilimia kubwa mno.

Juni hadi Agosti, acha. Chumba kikiwa nyuzi 17 au 18 na kasha kwenye 65 hadi 68, siga ziko mahali ambapo watu wa nchi nyingine hulipia umeme ili wapafikie. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya mji huu.

Kuzeesha

Kuhifadhi ni kuzuia siga isiharibike. Kuzeesha ni kuiacha ibadilike. Tumbaku iliyochachushwa huendelea kubadilika polepole hata baada ya kuviringishwa: amonia iliyobaki hutoka, ukali hupungua, na ladha za majani tofauti huungana. Siga changa yenye amonia utaijua ukiinusa mguuni, yaani ile ncha ya kuwashia: inachoma pua.

Si kila siga inastahili kusubiriwa. Siga nzito, kama nyingi za Nikaragua na zile za Kuba zenye nguvu, hupata faida kubwa. Nyepesi zenye jani la juu la rangi ya kahawia hafifu, la Connecticut ya Marekani, mara nyingi huwa nzuri mapema kisha hufifia. Miaka mitano kwenye kasha itakuachia kitu kisicho na ladha. Siga iliyotengenezwa vibaya haiboreki kwa kukaa.

Nunua boksi zima la aina moja. Za Kuba zina mhuri chini ya boksi unaoonyesha kiwanda na mwezi na mwaka zilipofungwa. Za kwingine, andika mwenyewe kwa kalamu ya risasi tarehe ulizozipokea. Ziache ndani ya boksi lao la mbao, na boksi liingie kwenye kopo kubwa la plastiki linaloziba, pamoja na pakiti za 62 au 65. Unyevu wa chini kidogo hupunguza mwendo na kuzuia kuvu kwa miaka. Fungua mara moja kwa mwezi, si zaidi, dakika chache tu ili hewa ibadilike.

Vuta moja mwanzoni, nyingine baada ya miezi sita, kisha moja kila mwaka, na kila mara uandike mistari miwili mitatu: ukali, ladha, jinsi ilivyowaka. Bila daftari hutajua kama siga imebadilika au ni wewe. Kwa nyingi, mwaka wa kwanza hadi wa tatu ndio wenye mabadiliko makubwa. Siku siga inapokupendeza kabisa, hiyo ndiyo ya kuvuta. Usiiache kwa matumaini kwamba mwaka ujao itazidi.

Mambo yakienda kombo

Siga iliyokauka usiitumbukize kwenye unyevu mwingi. Jani la juu litavimba kabla ya la ndani, na litapasuka. Ianze kwenye pakiti za 62 wiki mbili, kisha 65, kisha namba yako ya kawaida. Itachukua mwezi mmoja au miwili. Ikibinywa kwa vidole polepole ikarudi, iko tayari. Ikitoa sauti ya kukatika, bado.

Kuvu huonekana kama manyoya meupe, ya kijani au ya bluu. Ikiwa ni madoa machache meupe juu ya jani la nje, yapanguse kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba, na siga hiyo itengwe. Ikiwa imeingia mguuni, kwenye majani ya ndani, tupa. Watu husema ule unga mweupe ni mafuta ya siga yaliyokomaa. Ichukulie kuwa kuvu mpaka uthibitishe vinginevyo. Mbao isafishwe kwa alkoholi ya isopropili isiyo na manukato, ikauke mpaka harufu iishe kabisa, kisha iandaliwe upya tangu mwanzo. Spiriti za dukani zenye mafuta au marashi zitaacha harufu yake ndani.

Ukikuta matundu ya mdudu, usichague: siga zote zipitie friza kwa utaratibu ule ule, zilizotobolewa zitupwe, na kasha lifagiliwe kwa brashi kavu hadi kwenye kona.

Ukisafiri Desemba

Wengi huenda ushago wiki ya pili ya Desemba na kurudi Januari, nyumba ikiwa imefungwa na hewa inaanza kukauka. Siku tatu kabla ya safari, badilisha pakiti zote, hata zilizobaki na uhai. Hyumida ya mbao inayovuja iachwe wazi tupu, na siga zake zihamie kwenye kopo la plastiki na pakiti za 65. Kopo liingie rafu ya chini ya kabati, pazia la chumba lifungwe. Ukirudi, soma kipimo kabla ya kufungua, halafu fungua asubuhi na uziguse moja moja.